Barua ya wazi kuhusu nyumba ambazo tetemeko la Kagera halikuziangusha

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya usimamizi wa maafa katika Ofisi ya Waziri Mkuu; kwa Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa wa Kagera; na kwa wajumbe wa kamati za usimamizi wa maafa, kuanzia ya taifa hadi ya kijiji.

Waheshimiwa,

Baada ya salamu na heshima zinazowastahili, naomba niseme mapema kwamba barua hii haihusu nyumba zilizoanguka. Nyumba zilizoanguka zilipigwa picha, zilihesabiwa, zilitembelewa na viongozi, na wenyewe walipata, kwa kadiri ilivyowezekana, turubai, mablanketi, na baadhi yao mabati. Barua hii inahusu nyumba zilizobaki zimesimama baada ya tetemeko la ardhi la Jumamosi, tarehe 10 Septemba 2016. Nyumba ambazo kuta zake zilipasuka lakini paa halikushuka, na ambazo watu wanalala ndani yake hadi leo. Mojawapo ni yangu.

Takwimu mnazo kuliko mimi, ila nazirudia kwa sababu hoja yangu yote imesimama juu yake. Tetemeko lile lilikuwa na ukubwa wa 5.9. Lilipiga saa 9:27 alasiri, likaua watu 17 na kujeruhi mamia katika mkoa wetu. Kwa hesabu za Serikali, nyumba zilizoanguka kabisa zilizidi 2,000, na zilizopata nyufa kubwa zilizidi 14,000. Kwa hiyo kwa kila nyumba moja iliyolala chini zilikuwepo saba hivi zilizosimama, na katika hizo saba hapakuwa na mtu wa kumwambia mwenye nyumba kama inafaa kulalwa au haifai. Ninaandika kwa ajili ya hizo saba.

Siku ile nilikuwa uani, nikianua maharage niliyoyaanika juu ya mkeka. Mabati yalilia kama yanayopigwa na mvua ya mawe, ilhali mbingu ilikuwa nyeupe, na kabla sijainua kichwa niliona migomba yote ya upande wa juu ikiinama na kuinuka bila upepo. Ilikuwa siku ya mapumziko na mchana, watoto wakiwa nje na watu wazima wengi wakiwa kwenye vibanja vyao, yaani mashamba ya migomba ya ukoo. Ingekuwa saa 9 ya usiku badala ya saa 9 ya alasiri, idadi ya marehemu ingekuwa nyingine kabisa. Kesho yake, wakati Waziri Mkuu wa wakati huo, Mheshimiwa Kassim Majaliwa, akiongoza wananchi kuaga miili katika Uwanja wa Kaitaba mjini Bukoba, huku kwetu Kiziba kila kaya ilikuwa imehamishia magodoro chini ya migomba, kwa sababu ardhi ilikuwa ikiendelea kutikisika kidogo kidogo na hakuna aliyethubutu kuingia ndani hata kuchukua sufuria bila kwanza kumwachia mtu mwingine mtoto.

Siku kadhaa baadaye walikuja watu wawili wenye fomu. Waliingia uani, wakaitazama nyumba kwa nje, wakauliza kama kuna aliyekufa au kuumia, wakauliza idadi ya vyumba, kisha mmoja wao akaandika neno moja: nyufa. Chumbani hawakuingia. Siwalaumu, kwani walikuwa na kijiji kizima cha kuzunguka kabla mvua za vuli hazijashika, na karatasi waliyopewa haikuwa na nafasi ya kuandika zaidi ya hapo. Ninailaumu fomu. Ilikuwa fomu ya kuhesabu majengo, na jengo kwake lilikuwa na hali mbili tu, limeanguka au halijaanguka. Namna watu wanavyoishi ndani ya jengo ambalo halijaanguka lakini haliaminiki haikuwa na kisanduku chake.

Nilipoona hakuna anayerudi, nilichukua penseli. Ufa mkubwa wa nyumba yangu unaanzia kona ya juu ya dirisha la chumba cha kulala na kupanda mshazari hadi karibu na kenchi. Jioni moja ya Oktoba 2016 nilichora kistari pale unapoishia na kuandika tarehe pembeni, kwa mwandiko ule ule niliokuwa nikiandikia ubaoni. Tangu hapo vimeongezeka vistari 11. Kwa nje nimepiga lipu mara tatu, na mara zote tatu ufa umerudi palepale. Kwa ndani nimeuacha wazi makusudi, ili niusome. Siku za senene, Novemba, taa ikiwaka usiku, wadudu hao huingilia humo, na mjukuu wangu huwachomoa mmoja mmoja kwa vidole na kuwatia kwenye kopo. Yeye alizaliwa baada ya tetemeko. Ufa kwake ni sehemu ya nyumba kama dirisha lilivyo.

Jambo nililojifunza kwa penseli hiyo ndilo ambalo ningependa lifike mezani kwenu. Vistari vyangu vingi vina tarehe za Aprili, Mei, Novemba na Desemba. Yaani ufa haukuongezeka siku za mitetemo. Uliongezeka misimu ya mvua. Nilimuuliza fundi wa kijijini kwetu, ambaye ndiye aliyeijenga nyumba hii, naye alinijibu bila kujitetea: "Mwalimu, matofali haya tulichoma wenyewe, tukayaunganisha kwa udongo, saruji tukaiweka kwenye lipu tu. Na lenta tuliiweka juu ya milango na madirisha, haikuzunguka nyumba. Pesa haikutosha." Alinionyesha kwamba maji yakishapenya kwenye ufa, udongo ulioshika matofali hulainika na kuchukuliwa punje kwa punje, mpaka kozi moja inakaa juu ya nyingine bila kushikwa na chochote. Bukoba na mwambao huu wa ziwa hupata kama milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, karibu mara mbili ya Dar es Salaam. Tetemeko lilimaliza zamu yake kwa sekunde chache, lakini mvua imeendelea na kazi hiyo kwenye nyumba zaidi ya 14,000, na hakuna kamati iliyokaa kuijadili.

Waheshimiwa, naomba sasa niwaingize ndani, mahali ambapo wale wenye fomu hawakufika.

Nyumba ikipasuka, kitu cha kwanza kupotea ni mpangilio wa kulala. Chumba chenye ufa kinaogopwa, kwa hiyo familia nzima huhamia sebuleni: baba, mama, kijana wa kidato cha pili, binti wa darasa la saba, na bibi. Wengi walidhani watakaa hivyo wiki mbili. Zipo kaya ninazozijua ambazo zilikaa hivyo zaidi ya miaka miwili, na binti aliyeanza kulala sebuleni akiwa mtoto alitoka humo akiwa mwanamwali, bila kuwa na kona ya kubadilishia nguo isipokuwa giza likishaingia. Wasiohamia sebuleni walivuta kitanda katikati ya chumba, mbali na ukuta, na hapo chandarua kikakosa pa kufungwa, kwa sababu misumari yake iko kwenye ukuta ule ule unaokimbiwa. Hili ni dogo mno kuandikwa kwenye ripoti, lakini katika mkoa ambao malaria haijatuacha, kitanda kuvutwa mita moja na nusu ni jambo la afya.

Jiko nalo lilikwenda na njia yake. Majiko yetu ya nje mengi yalikuwa ya tofali zilizopangwa kwa tope, bila msingi wa maana, na hayo yalianguka kwa wingi kuliko nyumba. Lakini jiko halikuhesabiwa kuwa nyumba, na mwenye jiko lililoanguka na nyumba iliyopasuka aliandikwa "nyufa" kama wengine. Akina mama walipikia kwenye mafiga chini ya mgomba, na mvua iliponyesha wakahamishia moto barazani, na wengine ndani kabisa, moshi ukajaa kwenye chumba kile kile ambacho kila mtu alikuwa amehamia kulala. Choo pia. Shimo lililopasuka kingo halionekani barabarani, na mgeni hapelekwi kuangalia choo cha watu.

Kuhusu maji nitasema kidogo zaidi, kwa kuwa hili limekula nguvu za watu kuliko yote. Vijiji vyetu viko juu ya vilima na chemchemi ziko mabondeni. Wazee wetu na sisi wenyewe tulijenga matangi ya matofali ya kukingia maji ya paa ili kupunguza safari ya kushuka na kupanda. Tangi lililopasuka haliwezi kuzibwa kwa lipu ya juu juu. Linavuja mpaka lijengewe upya kwa ndani. Kaya nyingi zililiacha, zikarudia ndoo. Nimewahi kukaa barazani asubuhi moja na kuhesabu safari za mjukuu wa jirani: nne kabla ya kwenda shule. Hakuna aliyeandika popote kwamba mtoto huyo ni mwathirika wa tetemeko, naye mwenyewe asingejiita hivyo.

Halafu kuna pesa. Mapato makubwa ya kaya nyingi za kwetu huja mara moja, kahawa ikivunwa na kupimwa kwenye chama cha msingi, na pesa hiyo huwa imeshagawanywa kichwani kabla haijafika mkononi: ada, sare, deni la dukani, mchango wa msiba. Tangu 2016 kuna mgao mwingine umeingia, wa mifuko michache ya saruji na tripu ya mchanga, na huo hutangulia yote kwa sababu mvua haisubiri. Mtu anaziba, mvua inafungua, mwaka unaofuata anaziba tena. Nyumba iliyoanguka, kwa uchungu wote uliokuwepo, ilimlazimu mwenye nyumba kujenga upya, na baadhi walijenga vizuri kuliko mwanzo, chumba kimoja hadi kingine, kwa msaada wa watoto walioko mjini. Nyumba yenye ufa haibomoleki, kwa kuwa ukiibomoa utalala wapi, wala haitengenezeki, kwa kuwa pesa ya kuitengeneza kweli imeshaishia kwenye lipu. Msimu mmoja wa kahawa, tukiwa kwenye foleni ya mizani, mzee mmoja alisema mbele yetu, bila utani hata kidogo, "Afadhali ingeanguka yote." Hakuna aliyemkemea. Mimi nilimwelewa, na nimeona aibu kumwelewa.

Sitaki kuwatendea isivyo haki. Serikali ilifanya mambo, na mengine yanaonekana. Shule za Ihungo na Nyakato, ambazo ilibidi zifungwe kwa sababu ya majengo yake kuharibika, zilijengwa upya, na ninaposikia wanafunzi wamelala kwenye mabweni imara ninashukuru kama mwalimu na kama mzazi. Mwezi Januari 2017 Rais wa wakati huo, Hayati Dkt. John Magufuli, alipokuja Kagera alitueleza waziwazi kwamba Serikali haitamjengea mtu mmoja mmoja nyumba, bali itarejesha miundombinu ya umma, na kila mwananchi ajikongoje kwa nguvu zake. Maneno hayo yaliwauma wengi. Binafsi niliona afadhali kuambiwa ukweli mapema kuliko kusubirishwa, maana wapo waliokuwa wanaahirisha kuziba nyufa kwa hofu kwamba wakiziba watafutwa kwenye orodha. Ninachosema ni kwamba kati ya kumjengea mtu nyumba na kumwacha peke yake na ufa kuna nafasi kubwa, na nafasi hiyo haikutumika.

Na msimamo wenyewe, kwa ninavyoona, umelegea kwa jinsi ya heri. Baada ya maporomoko ya tope ya Hanang mwezi Desemba 2023, Serikali na wadau wake walijenga nyumba zaidi ya 100 kwa ajili ya familia zilizopoteza makazi. Sina wivu na ndugu zetu wa Manyara, waliyoyaona hayasimuliki. Ninataja Hanang kwa sababu imeonyesha kwamba kaya inaweza kuwa kipimo cha kurejesha hali, sawa na shule, barabara na kituo cha afya. Hata hivyo kule nako jicho lilikwenda, na kwa haki, kwa wale ambao nyumba zao zilisombwa. Tetemeko lina tabia nyingine. Linaacha wengi zaidi katikati, wala hawajapoteza wala hawajasalimika, na sera yoyote iliyoundwa kwa ajili ya mafuriko au moto itawapita watu hao bila kuwaona.

Nchi nyingine zimelikuta hili, na zimejikwaa mahali ambapo sisi tunaweza kuruka. Nepal ilipigwa na tetemeko la ukubwa wa 7.8 mwezi Aprili 2015, likaua watu karibu 9,000. Serikali yake iliamua kuipa kila kaya iliyopoteza nyumba rupia 300,000 za nchi hiyo kwa awamu tatu, na awamu inayofuata haikutolewa mpaka mkaguzi afike na kuona msingi, kisha kuta, kwamba zimejengwa kwa namna inayohimili mtikisiko. Kwa nyumba zilizopasuka tu, ilitenga rupia 100,000 za kuziimarisha. Wazo la pili ndilo ninalolipenda, lakini ndilo lililofanya vibaya zaidi, kwa kuwa mafundi waliojua kuimarisha nyumba iliyopo walikuwa wachache mno kuliko wale waliojua kujenga mpya. Na katika zile zilizojengwa upya, kaya nyingi zilijenga kijumba cha chumba kimoja au viwili ili kukamilisha awamu, kisha zikaendelea kuishi kwenye nyumba ya zamani yenye nyufa, kwa sababu kijumba hakikutosha watu, mazao na mifugo. Mtu wa Kiziba akisikia hilo hashangai. Nyumba yetu pia ni ghala la kahawa, ni zizi la mbuzi wa usiku, ni mahali pa msiba.

Hapo ndipo ninapoliona la kwetu. Hatuombi kila nyumba iliyopasuka ijengwe na Serikali. Tunaomba fundi. Namaanisha kwamba halmashauri zilizoathirika, yaani Manispaa ya Bukoba, Bukoba Vijijini, Missenyi, Karagwe, Kyerwa na Muleba, zichague mafundi waashi wawili watatu kutoka kila kata, watu wale wale wanaotujengea siku zote, wapelekwe kwenye vyuo vya ufundi stadi vya VETA kwa wiki chache, wafundishwe namna ya kuifunga nyumba iliyokwisha kupasuka: kuondoa lipu iliyooza, kusafisha ufa na kuujaza kwa chokaa ya saruji badala ya kuufunika, kufunga wavu wa waya pande zote mbili za kona, kuzungusha mkanda wa zege na nondo juu ya kuta, na kufunga kenchi kwenye mkanda huo ili paa na kuta viende pamoja ardhi ikitikisika. Si elimu ya miaka mitatu. Fundi wetu, nilipomsomea haya, aliniambia kwamba nusu ya hayo anayajua, ila hajawahi kupata mteja wa kuyalipia. Gharama za vifaa zinaweza kuchangiwa: kaya ilete mchanga, kokoto na nguvu kazi, na Mfuko wa maafa ulete nondo, wavu na sehemu ya saruji.

Kabla ya hapo lakini, nyumba zihesabiwe tena. Orodha ya 2016 imekwisha muda wake. Nyumba nyingine zilizoandikwa nyufa zimeshaanguka kimya kimya, ukuta mmoja mwaka huu na mwingine mwaka ule, bila kuitwa maafa. Nyingine zimeimarishwa vizuri na wenyewe hawahitaji kitu. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeshuka hadi kwenye kamati ya kijiji na mtaa, na kamati hiyo ndiyo inayojua nani analala wapi. Wapewe fomu nyingine. Fomu iulize watu wangapi wanalala chumba kimoja, jiko liko wapi, choo kinatumika au kimezibwa kwa mbao, tangi linashika maji au halishiki. Na baada ya fomu aje mhandisi wa halmashauri, hata kama ni mara moja, aingie chumbani, na aache alama mlangoni yenye moja kati ya maneno matatu: laleni, tengenezeni, hameni. Hofu ya kutojua imetuchosha kuliko ufa wenyewe. Lori la mchanga likipita barabarani usiku, watu wazima wanakaa kitandani na kusikiliza.

Katika kuhesabu huko nawaomba muwe waangalifu na jina linaloandikwa juu ya fomu. Jirani yangu mjane aliandikiwa jina la shemeji yake, ambaye anaishi Mwanza na hajalala kwenye nyumba ile tangu msiba wa kaka yake. Kibanja kwetu kina ukoo ndani yake na kina makaburi, na ndiyo maana neno "hameni" halitatamkwa kirahisi. Lakini Mahakama Kuu ilikwisha kuamua mwaka 1990, katika shauri lililotoka humu humu Kagera, kwamba mwanamke wa Kihaya ana haki ya kuuza ardhi aliyorithi sawa na mwanamume. Kama anaweza kuiuza, basi anaweza kuandikwa kwenye fomu ya nyumba anayolala. Na wapangaji wa mjini, wale wa vyumba vya Hamugembe na Kashai, waandikwe nao kwa majina yao, kwa sababu tetemeko lilipopasua vyumba hivyo mwenye nyumba alihesabiwa kuwa mwathirika, na mpangaji akahesabiwa kuwa mtu aliyehama.

Yupo atakayeuliza kwa nini haya yaletwe leo, baada ya miaka yote hii. Jibu langu ni kwamba tuko karibu na tawi la magharibi la Bonde la Ufa, na ardhi ya ukanda huu haijamaliza mambo yake. Mwezi Februari 2008 tetemeko la ukubwa kama wa hili letu liliwaua watu ng'ambo, Bukavu na kusini-magharibi mwa Rwanda. Mwezi Mei 2021, baada ya volkano ya Nyiragongo kulipuka, Goma na Rubavu zilitikiswa kwa siku kadhaa mfululizo. Nyumba iliyopasuka mara ya kwanza haitahitaji 5.9 ya pili. Itahitaji pungufu ya hapo, na huenda isiwe Jumamosi alasiri.

Mimi nipo nyumbani siku zote isipokuwa Jumapili asubuhi. Mhandisi atakayetumwa akifika, aulize nyumba ya mwalimu mstaafu karibu na njia ya kushukia chemchemi, ataonyeshwa na mtoto yeyote. Ufa uko upande wa kushoto wa dirisha ukiingia chumbani, kistari cha mwisho ni cha Mei, na penseli ninaiacha pale pale dirishani.

Wenu mtiifu,

Mwalimu mstaafu,
Tarafa ya Kiziba, Wilaya ya Missenyi,
Kagera